Kutoa ni moyo, kuuliza ni haki

TETEMEKO la ardhi lilipoukumba Mkoa wa Kagera Septemba 10, 2016, wananchi walijitokeza kuwachangia waathirika. Kabla mwezi huo haujaisha, Rais John Magufuli aliwaondoa kazini baadhi ya watendaji mkoani humo, wakidaiwa kufungua akaunti ya benki yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa.

Tukio hilo lilionyesha kuwa jina peke yake si dhamana. Ikiwa utata uliweza kujitokeza katika akaunti za ofisi za umma, anayeombwa mchango na kikundi asichokifahamu ana sababu kubwa zaidi ya kuwa makini.

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inampa Mtanzania pa kuanzia. Shirika lililosajiliwa chini ya sheria hiyo hupewa cheti, na hutakiwa kila mwaka kuandaa taarifa ya shughuli zake pamoja na hesabu zilizokaguliwa.

Hata hivyo, cheti huthibitisha kwamba shirika lipo. Hakithibitishi kwamba fedha zinawafikia walengwa. Kwa sababu hiyo, mchangiaji aombe kuona hesabu. Aulize pia iwapo akaunti au namba ya simu anayopewa ni ya shirika au ya mtu binafsi, na michango iliyopita ilitumikaje.

Wapo watakaoona maswali hayo ni dharau kwa wenye nia njema. Lakini mchango unapopotea, anayeumia zaidi si aliyeutoa, bali ni yule aliyelala nje akiusubiri.