Embe Linaoza Kabla Rangi Haijakauka

Wanangu, leo nataka tuongee kuhusu zile video za kuchora mnazozipenda. Zile za sekunde 30: kanvasi nyeupe, mkono unakimbia, muziki nyuma, paah, picha tayari. Mimi mwenyewe nazitengeneza na zinanilipia kodi ya nyumba tangu niwache chuo mwaka wa pili, basi sizitukani. Lakini kwa mchoraji wa rangi za mafuta, tena anayechora vitu vilivyotulia mezani, matunda na vyombo, ile video ni uongo. Sehemu kubwa ya kazi yake ni ile ninayoikata.

Kuna dada mmoja wa huku Kisauni, hataki jina litajwe, nimekaa kwake siku nyingi na kamera. Anachora vitu vya jikoni. Siku ya kwanza hakushika brashi kabisa. Alienda Kongowea asubuhi akachagua maembe kama mtu anayechagua mchumba: hili boribo lina wekundu upande mmoja, hili ngowe limejipinda vizuri. Akarudi, akayapanga juu ya leso, akayatoa, akayapanga tena. Akasogeza birika nyuma kidogo. Akakaa akiangalia tu, saa nzima na zaidi. Nkamuuliza, dadangu, tunaanza lini? Akanijibu, "Tushaanza mdogo wangu, wewe ndo hujaona."

Kesho yake ndo brashi. Anachukua rangi moja ya udongo, kahawia iliyokoza, anaizimua kwa tapentaini na kuchora kila kitu kwa rangi hiyo hiyo moja. Hapo anatafuta kivuli tu: wapi giza, wapi mwanga. Ukiitazama utadhani picha ya zamani iliyofifia. Anaiwacha ikauke, ndipo aanze kupandisha rangi nyingine, tabaka juu ya tabaka. Na tabaka zina sheria: la chini liwe na mafuta machache, la juu liwe na mengi zaidi. Ukigeuza, la juu litakauka mbele ya la chini, na siku moja picha itapasuka kama matope ya kidimbwi.

Manake rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Hakuna maji yanayotoka. Yale mafuta, ya mbegu za kitani, yanavuta oksijeni polepole mpaka yanakuwa magumu. Mafuta ya nazi hayana tabia hiyo. Ukichanganyia rangi yako mafuta ya nazi, utangoja mpaka Likoni ijengwe daraja, na bado itakuwa inanata.

Sasa fikiria. Embe la kuiva, joto la Mombasa, siku ya tano linaanza kulia maji na nzi washafika. Picha ndo kwanza iko wiki ya kwanza kati ya tatu. Afanye nini? Anaharakisha maembe kwanza, birika litangoja. Likioza, ananunua jingine linalofanana na kuliweka pale pale, lakini halifanani sawasawa, halifanani kamwe. Mwisho wake lile embe la kwenye kanvasi halijawahi kuwepo duniani. Ni maembe matatu ndani ya moja, yaliyounganishwa na kichwa cha mtu. Na si huku tu: Cézanne wa Ufaransa alichora taratibu hivyo hivyo, maua yakimnyaukia, mpaka akatumia maua ya karatasi.

Najua kuna mtu ataniambia, si atumie akriliki, inakauka dakika 20? Kwa joto letu inakauka hata kwenye sahani kabla hujaifikisha. Yeye anataka ule ukingo wa kivuli cha embe abaki akiulainisha leo mpaka kesho. Kukawia kwa mafuta ndiko kunakompa nafasi ya kubadilisha mawazo.

Kitu kingine kilichonifurahisha ni dirisha. Vitabu vya Ulaya vinamwambia mchoraji akae kwenye dirisha linalotazama kaskazini, jua lisimwingilie, mwanga usimhamehame. Huku kwetu, karibu na ikweta, nusu ya mwaka jua lenyewe liko kaskazini. Mwezi wa sita dirisha hilo linamchoma. Desemba hadi Februari, jua likiwa kusini, ndo mwanga unatulia, na ndo msimu wa maembe. Hilo hakulisoma mahali. Amelijua kwa kukaa.

Halafu kuna ile ya "kuchora haramu." Wengi wetu wa bara hii ya Likoni na Kisauni tumelelewa nayo nyumbani. Mimi si shekhe, lakini iko hadithi mashuhuri ndani ya Bukhari ya Ibn Abbas na mchoraji aliyemwendea, akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Nyumba nyingi za pwani haziweki uso wa mtu ukutani. Birika na maembe zitaweka. Yaani uchoraji huu unatufaa kuliko mwingine wowote, na sisi tunauona wa kizungu! (Mamake aliambiwa binti anachora mbuzi akashtuka. Alipoletwa aone, kumbe ni mbuzi ya kukunia nazi.)

Na huo uzungu wenyewe hebu tuutazame. Willem Kalf, Mholanzi wa karne ya 17, alisifika kwa kuchora mabakuli ya Kichina na malimau. Karne hiyo hiyo vyombo vya Kichina vilikuwa vinapita huku. Nenda Fort Jesus kaone vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka ukutani, vishubaka vya kupangia vyombo vizuri vionekane. Kupanga vitu vikapendeza macho tunakujua, tena kwa muda mrefu.

Lakini soko linataka jahazi. Mnunuzi mmoja alimwambia wazi: jahazi, machweo, mnazi mmoja pembeni, wageni watachukua. Jahazi la namna hiyo anamaliza kwa siku mbili bila kuangalia popote, mkono umeshakariri. Na watu wa hapa hapa mtaani wakimtembelea wanapiga picha na simu, wanasema mashallah, wanaenda zao. Video yangu yake ilitazamwa sana. Hakuna aliyeuliza bei.

Kwa hiyo mwezi huu amekubali majahazi manne, kodi haingoji kitani. Msimlaumu. Ila nyie mnaonunua viatu kila mwisho wa mwezi na ukuta wa sebule una kalenda ya hadweya, muulizeni bei. Ile ya mbuzi ya nazi na maembe iko kwake, imeegemezwa ukutani. Anasema vanishi haipaki mpaka miezi 6 ipite, pengine mwaka.