The Cure hawana haraka, na wana haki

Wimbo wa kwanza wa albamu hii unaitwa Alone, na mwenye pupa anaweza kudhani hauna mwimbaji. Drams zinapigwa polepole, kinanda kinatanda, besi inaunguruma, na zaidi ya dakika 3 zinapita kabla Robert Smith hajafungua kinywa. Siku hizi nyimbo nyingi hutungwa zimnase msikilizaji ndani ya sekunde chache, asije akaruka kwenda wimbo mwingine. Kufungua albamu namna hii kunahitaji moyo. Ndiyo sababu ya kwanza ya kuipenda Songs of a Lost World, kazi ya bendi ya roki ya Uingereza, The Cure, iliyotoka tarehe 1 Novemba 2024.

Mashabiki walikuwa wamesubiri miaka 16. Albamu iliyotangulia, 4:13 Dream, ilitoka mwaka 2008. Baada ya hapo Smith aliahidi zaidi ya mara moja kwamba kazi mpya inakuja, na ahadi zikapita bila albamu. Wapo waliokata tamaa kabisa. Bendi hii iliyochipukia mjini Crawley, kusini mwa Uingereza, katika miaka ya 1970, tayari ilikuwa na nyimbo kama Boys Don't Cry, Just Like Heaven na Friday I'm in Love. Ingeweza kuzunguka dunia ikipiga za zamani mpaka kustaafu, na viti vingejaa.

Kusubiri huko kulizaa kitu kinachosikika. Alone ilipigwa Riga, Latvia, Oktoba 2022, ikifungua onyesho la kwanza la ziara ya Ulaya, na nyingine kadhaa zikafuata katika ziara hiyo hiyo. Nyimbo hizo zilikuwa zikiimbwa jukwaani miaka miwili kabla ya albamu kutoka. Wimbo ukipigwa usiku hadi usiku mbele ya umati, mahali unapolegea hujulikana mapema. Pengine ndiyo maana hapa hakuna cha kujazia nafasi. Nyimbo ni 8 tu, zote zimetungwa na Smith peke yake, na zinakwisha kabla dakika 50 hazijatimia.

Kiini cha albamu ni msiba. Katika miaka ya karibuni Smith amewazika mama yake, baba yake na kaka yake mkubwa, Richard. Wimbo I Can Never Say Goodbye ni wa kaka huyo. Unaanza kwa ngurumo ya radi, kisha piano inarudiarudia noti chache zile zile, kama mtu ambaye akili yake imeganda kwenye jambo moja. Smith hasemi kwamba muda utaponya jeraha, wala hachezi na mafumbo. Anaeleza tu usiku ambao kaka alichukuliwa naye hakuwa na la kufanya.

Aliyewahi kuhudhuria matanga anajua kwamba sehemu kubwa ya shughuli ile ni kukaa. Watu huja, hukaa, na maneno yakija huwa machache. Nyimbo hizi zimejengwa hivyo hivyo, na ndiyo maana utangulizi wake mrefu si mbwembwe. Ukiukata ubaki na mashairi peke yake, unapata taarifa ya kifo bila msiba wenyewe.

Wapo wanaolalamika kwamba albamu ni nzito mno na kwamba hakuna wimbo hata mmoja wa kuchezeka. Lalamiko hilo lina ukweli. Anayetafuta Friday I'm in Love nyingine hataipata humu. Katika Warsong, gitaa zimesongamana kiasi kwamba zinakaribia kumfunika mwimbaji, na hilo lingeweza kurekebishwa studio. Hata hivyo, uzito si sawa na uchovu. Drone:Nodrone, iliyochochewa na droni iliyopita juu ya makazi ya Smith, inakuja na hasira na besi ya Simon Gallup inayokwaruza. All I Ever Am inakwenda kwa mwendo wa kasi kidogo. Juu ya yote kuna sauti yenyewe: Smith alikuwa na miaka 65 albamu ilipotoka, na bado anaimba kwa kilio kile kile cha ujana wake, bila kukwama wala kujificha nyuma ya mitambo.

Kisha inakuja Endsong, wimbo wa mwisho, wenye zaidi ya dakika 10. Kwa dakika zaidi ya 6 ni drams za Jason Cooper na gitaa la Reeves Gabrels, aliyefanya kazi na David Bowie kwa miaka mingi. Smith ameeleza kwamba wimbo huu ulitokana na kumbukumbu ya Julai 1969. Alikuwa na miaka 10, yuko na baba yake, wakiutazama mwezi siku ambazo wanaanga wa Apollo 11 walikuwa huko. Miaka 50 baadaye aliutazama tena, naye sasa ni mzee anayejiuliza yule mtoto ameishia wapi. Swali hilo linauma kwa sababu msikilizaji ameshasubiri vya kutosha kulifikia.

Uingereza iliipokea vizuri. Albamu iliingia chati ya nchi hiyo moja kwa moja katika nafasi ya kwanza, heshima ambayo bendi haikuipata tangu Wish ya mwaka 1992. Siku ilipotoka, The Cure waliipiga yote, tangu Alone hadi Endsong, katika ukumbi wa Troxy jijini London.

Swali la mashabiki sasa ni iwekwe wapi kati ya kazi zao. Mara nyingi kipimo huwa Disintegration ya mwaka 1989, ambayo Smith aliiandaa akikaribia miaka 30 na akiogopa ujana unamtoka. Albamu ile iliuogopa uzee kwa mbali. Hii imetoka ndani ya uzee wenyewe, ikiwa na makaburi yenye majina. Disintegration inabaki juu kwa utajiri wa tuni zake, lakini Songs of a Lost World inastahili nafasi ya pili, mbele ya Pornography na Bloodflowers, na mgeni wa bendi hii anaweza kuanzia hapa bila hasara yoyote.