Risala ya Wavuvi na Wakaushaji wa Dagaa wa Ziwa Tanganyika, Kigoma

Mheshimiwa mgeni rasmi,

Sisi wavuvi, wachuuzi na akina mama wakaushaji wa dagaa tunakukaribisha mwaloni. Umetukuta nyavu zimeanikwa na vichanja vitupu, kwa hiyo hatutakuchosha kwa ngoma ndefu.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazopakana nalo: sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Hatupingi. Makokoro yanayokomba mpaka vifaranga tunayajua, na wanaoyavuta tunawajua. Wengine wamekaa humu humu wanatusikiliza. Kinachotukera ni kwamba katika kila hotuba mkosaji ni mvuvi peke yake, kana kwamba ziwa halina ugonjwa mwingine.

Linao. Kina chake kinafika mita 1,470, lakini hewa wanayovuta samaki iko juu tu. Ukishapita mita 200 hivi, hakuishi samaki. Huko chini ndiko ilikolala rutuba inayolisha mwani, na kinachoipandisha ni upepo wa kusini, ule wa Mei hadi Septemba, unapoyakoroga maji. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yakaelea juu ya yale ya baridi na kugoma kuchanganyika. Mwani unapungua, vijidudu vinavyoula vinapungua, na dagaa anakosa chakula. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2003 ulikadiria kuwa mwani umepungua kwa asilimia 20 hivi, na samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwingine wa mwaka 2016, uliosoma matope ya sakafu ya ziwa, ulionyesha samaki walianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa biashara haujashamiri.

Joto hilo chanzo chake kikubwa ni hewa ukaa. Kabla ya zama za viwanda ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila milioni ya hewa. Leo imepita 420. Injini zetu za petroli zimechangia kiasi gani, wataalamu wapige hesabu. Sisi tuko tayari kulipa fungu letu, wengine nao walipe lao.

Ila tusiwasingizie wa mbali kila kitu. Masika yakikolea, maji ya ufukweni hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ni udongo wa mashamba yaliyolimwa mpaka kwenye miteremko, na ukituama unafunika mawe wanakokula na kutaga samaki wa miambani. Hapo hapo unamwagika mfereji wa maji machafu ya mjini, na hatua chache pembeni mama anajaza ndoo ya kunywa. Anaambiwa achemshe. Anachemsha kwa kuni, na kuni zinatoka kwenye miteremko ile ile.

Tunadai mfereji huo uzibwe, maji machafu yatibiwe kabla hayajagusa ziwa, na bomba la maji safi lifike mwaloni. Mche wa mti ukigawiwa, apewe mwenye shamba la mteremkoni, na arudiwe mwaka unaofuata kuona kama ulishika. Tumechoka na miti ya kupigia picha. Vipimo vya joto na oksijeni ya ziwa tusomewe hapa, kwa Kiswahili, kabla tarehe ya kufunga haijapangwa, nasi tuwe na kiti mezani inapopangwa.

La mwisho ni zito zaidi. Ziwa linafungwa, marejesho ya mkopo hayafungwi. Mama aliyekopa kununua dagaa wa kukausha anadaiwa kila wiki, miezi yote mitatu. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa Sharm el-Sheikh, mataifa yaliafiki mfuko wa kukabili hasara za mabadiliko ya tabianchi. Tunaitaka serikali yetu iudai kwa niaba ya ziwa hili, na fedha ikipatikana ifike kwa mama huyo, isiishie kwenye semina za hotelini. Mpaka itakapofika, wakopeshaji waagizwe kusimamisha marejesho ziwa linapofungwa.

Tunaomba kuwasilisha, na tunaomba majibu kwa maandishi.