Wakanda Isomwe Kuanzia Mgodini

Vijana wanaoingia dukani kwangu hapa mjini Kahama kutoa fotokopi wote wanaijua Wakanda. Waliiona mwaka 2018 kwenye banda umiza, filamu ikisimuliwa kwa Kiswahili juu kwa juu, mtindo ule wa akina Lufufu, msimulizi akitia chumvi hata pale waigizaji waliponyamaza. Ni wachache wanaojua kwamba filamu ile imechotwa kwenye katuni ya Black Panther, ambayo Wamarekani wamekuwa wakiitoa kwa vipindi tangu 1966. Nikiwatolea vitabu vyenyewe kutoka chini ya kaunta, swali lao huwa moja: nianze na kipi, mama?

Wapenzi wa katuni watakwambia uanze mwanzo. Mimi napinga. Anza na toleo la kwanza la mwaka 2016, lililoandikwa na Ta-Nehisi Coates na kuchorwa na Brian Stelfreeze, kwa sababu hadithi inaanzia mgodini.

Mfalme T'Challa amekwenda kwenye kilima ambako Wakanda inachimba madini yake ya vibranium. Amekwenda kuwapongeza wachimbaji, kama viongozi wanavyofanya. Wachimbaji wanamgeukia. Silaha zinatumika, watu wanakufa, na mfalme aliyewahi kupambana na mashetani na maroboti anasimama mbele ya raia wake mwenyewe asijue la kufanya. Baadaye tunakutana na mwanamke aitwaye Zenzi, mwenye uwezo wa kuamsha hasira iliyolala ndani ya mtu. Hapandikizi hasira, anaikuta ipo, anaiamsha tu. Mtu aliyekulia ukanda huu wa dhahabu, kuanzia hapa hadi Geita na Nyamongo, ukurasa huo hahitaji kufafanuliwa.

Na mimi si mtaalamu wa katuni. Nilikuwa mtunza stoo, upande wa vipuri, katika mgodi wa Buzwagi. Shughuli zilipofika ukingoni, mhandisi mmoja mgeni aliniachia boksi zima la vitabu hivi kwa sababu begi lake lilizidi kilo za ndege. Mpwa wangu aliyapitia matoleo mawili matatu akanirudishia. "Shangazi, hivi vina siasa mno," akasema. Ndipo nilipoanza kuvisoma mimi.

Mwanzo wenyewe uko hivi. Stan Lee na Jack Kirby, watu wa New York, walimtoa T'Challa kwa mara ya kwanza katika katuni ya Fantastic Four, toleo la 52, Julai 1966. Toleo linalofuata linasimulia kisa chake. Wakanda ni nchi ya Kiafrika isiyokuwapo kwenye ramani yoyote, yenye mlima wa madini yasiyopatikana kwingine. Mzungu aitwaye Klaw anakuja na kundi la wenye bunduki, anamuua mfalme T'Chaka ili aupate mlima. Mtoto wa mfalme anamshinda. Akishakuwa mkubwa anauza vibranium kidogo kidogo kwa taasisi za sayansi, anatajirika, na ndani ya msitu anajenga mashine ambazo Marekani yenyewe haina.

Watu wakiisoma hiyo hushangaa mashine. Mimi nilishangaa "kidogo kidogo". Watoto wanadhani njozi katika Black Panther ni lile vazi na ile mitishamba ya kumpa mtu nguvu za chui. Njozi kubwa ni mwenye madini kupanga mwenyewe auze kiasi gani, na lini.

Sisi mkataba wa Buzwagi ulisainiwa London, Februari 2007. Mwaka huohuo Zitto Kabwe akasimamishwa ubunge kwa kuushupalia, ikafuata Kamati ya Jaji Bomani ya kupitia sekta ya madini, na baadaye Sheria ya Madini ya 2010. Mgodi ulianza uzalishaji 2009. Mawe ya Buzwagi yana dhahabu, shaba na fedha pamoja, kwa hiyo sehemu ya mali ilitoka hapa ikiwa bado makinikia, unga uliofungwa ndani ya makontena kwenda kuyeyushwa ng'ambo. Tarehe 2 Machi 2017 Rais Magufuli akazuia usafirishaji huo, na bandarini Dar es Salaam yakahesabiwa makontena 277. Nchi nzima ikajifunza neno makinikia. Yakaja mazungumzo na wenye migodi, ikazaliwa kampuni ya ubia ya Twiga Minerals, serikali ikapata hisa asilimia 16. Ila shimo letu lilikwisha kuchimbwa mwaka 2019, na mtambo ukasaga mawe ya akiba hadi 2021. Hisa zilitukuta Buzwagi tunafungasha virago.

Kwa hiyo nikisema Wakanda isomwe kuanzia mgodini, sisemi hivyo kwa kupenda ubishi. Ukianza na 1966 utakuta mfalme mwema, mlima na mwizi mgeni, na utaridhika. Mchimbaji hana sura. Ukianza na Coates, kila toleo la nyuma utalisoma ukimtafuta yule mtu mwenye koleo, na mara mojamoja utampata.

Utampata, kwa mfano, katika Jungle Action ya mwaka 1973. Jina la gazeti hilo lenyewe linaudhi, lakini vumilia. Wachapishaji wa katuni hizi, Marvel, walimkabidhi Don McGregor, kijana Mzungu, naye akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma: akairudisha hadithi yote Wakanda na kuwajaza humo watu weusi wenye majina, wake, wivu na madeni ya zamani. Billy Graham, mchoraji mweusi, alichora sehemu kubwa yake. Ndiko anakozaliwa Killmonger, adui wa mfalme. Na katika toleo la 7 T'Challa anashuka chini ya ardhi na kukuta watu wa Killmonger wakichimba vibranium kwa siri, wakisimamiwa na bwana mmoja mwenye kufuga nyoka. Wateja wangu wa kutoka Nyarugusu, waliozoea kushuka kwa kamba kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, huwa wanacheka wakifika hapo. Mmoja aliniambia nyoka ni nafuu, msimamizi wa duara lao alikuwa mbaya kuliko hao. McGregor ana maneno mengi kupita kiasi. Kuna kurasa ambazo mchoro unahangaika kupumua katikati ya maandishi. Ruka mistari, usiruke kurasa.

Baada ya hapo nenda moja kwa moja kwa Christopher Priest, aliyeandika karibu matoleo yote 62 yaliyotoka kati ya 1998 na 2003. Ukinilazimisha nichague kipindi kimoja tu nitachagua hiki. Priest ni Mmarekani mweusi, na alijua kwamba wasomaji wake wengi hawamjui mfalme wa Kiafrika wala hawana hamu naye. Akamweka msimulizi Mzungu, ofisa mdogo wa serikali ya Marekani aitwaye Everett Ross, ambaye tunamkuta mwanzoni kabisa hana suruali, ana bastola mkononi na anamwogopa panya. Ross anasimulia kinyumenyume, anaropoka, anajichanganya. Mara ya kwanza utachanganyikiwa nawe, ni kawaida. Tulia hadi Killmonger arudi, safari hii akiishambulia nchi kwa njia ya uchumi. T'Challa anajibu kwa kutaifisha makampuni ya kigeni, na masoko ya hisa ya dunia yanayumba. Mzee yeyote aliyekuwa na akili timamu wakati wa Azimio la Arusha, 1967, angemweleza Ross kilichotokea bila kumaliza kikombe cha chai.

Kirby aliyerudi peke yake mwaka 1977 mpite. Anachora kwa nguvu za ajabu, lakini anamtoa T'Challa nyumbani na kumkimbiza kutafuta vyura vya shaba vya Mfalme Sulemani. Reginald Hudlin, kuanzia 2005, ni wa kustarehe, na ndiye aliyetuletea Shuri, dada wa mfalme. Mwaka 2006 akamwoza T'Challa kwa Storm, anayeamuru mvua na radi, binti wa mwanamke wa Kenya. Kwetu Shinyanga hilo si jambo la mzaha. Mtemi wa Kisukuma alitazamwa kwa mvua, na mvua ikigoma alihesabiwa kuwa ameshindwa kazi na aliweza kuondolewa. Hudlin ameshika mwanamke mwenye mvua na mwanamume mwenye madini, akawafanyia harusi ya kifahari akaishia hapo! Ukoo wa kitemi ungejadili ndoa hiyo kwa mwaka mzima.

Tahadhari moja ya kibiashara. Kampuni ya Marvel ina tabia ya kuanza kuhesabu upya kila inapobadilisha mwandishi, kwa hiyo lipo toleo la kwanza la 1977, la 1998, la 2005, la 2016, na mengine zaidi. Muuzaji wa mitumba akikwambia anayo "namba moja", muulize ya mwaka gani kabla hujatoa pesa.

Bado lipo suala la lugha. Sijakutana na toleo hata moja la Kiswahili, na nimeuliza kila mfanyabiashara wa vitabu ninayemfahamu hadi Mwanza. Nchi iliyolea gazeti la katuni la Sani, iliyowajua Ndumilakuwili na Lodi Lofa kama majirani, haishindwi kutafsiri maputo ya katuni. Nasikia kila mwaka halmashauri na migodi wakikubaliana juu ya fedha za jamii: madarasa, zahanati, madawati. Vyote vyema. Ila bajeti ya vitabu vya kuweka ndani ya hayo madarasa sijamsikia mtu akiipigania, na tungeanza na hivi vya picha kijana asingelazimishwa kusoma.

Ubishi mkubwa dukani ni juu ya Killmonger. Vijana wengi wako upande wake. Alizaliwa Wakanda, Klaw akamlazimisha baba yake kumfanyia kazi, familia ikafukuzwa nchini. Wanauliza mfalme gani anaadhibu familia kwa kosa la mtu aliyeshikiwa bunduki. Mimi huwajibu kwamba Coates amelijibu vizuri kuliko Killmonger: baada ya uasi ule ulioanzia mgodini, Wakanda inaishia kupata katiba, na mfalme anagawana madaraka na watu wake. Tanganyika ilifuta utawala wa machifu kwa sheria ya 1963. Wakanda, pamoja na vyombo vyake vinavyoruka, imechukua miaka hamsini ya kuchapwa ili ifike karibu na hapo. Kijana mmoja fundi pikipiki hakukubali. Akaniuliza: na baada ya katiba, yule mchimbaji analipwa shilingi ngapi?

Nimerudia matoleo ya Coates nikitafuta mshahara. Haumo. Kuna falsafa nyingi, kuna mwanazuoni mzee aitwaye Changamire anayeulizwa maswali mazito, kuna walinzi wawili wa kike wanaoasi kwa ajili ya haki, na ni kazi nzuri. Karatasi ya mshahara hakuna. Kuanzia 2018 Coates huyohuyo aliipeleka Wakanda mbali zaidi, kwenye himaya ya angani, na huko bei ya jiwe hakuna anayeiuliza tena. Hapo mimi niliacha, fundi pikipiki akaendelea. Kitabu cha kwanza cha Priest bado anacho yeye.