Diski imenasa, umeme umekatika!

Wiki hii siongelei mapenzi wala viwalo. Naongelea kile kidude cha kompyuta kinachotoa ulimi na kumeza diski. Najua mtaniambia kimepitwa na wakati, siku hizi kila kitu kipo kwenye simu. Ngojeni kwanza.

Shangazi yangu wa hapa Shanwe, Mpanda, ana DVD ya harusi ya binti yake, ya mwaka 2006. Mle ndani bibi yetu anawapa maharusi nasaha, anacheka, anapiga vigelegele. Bibi alifariki 2011, na sauti yake haipo mahali pengine popote. Deki ya shangazi ilishakufa zamani, basi akaniita. "Mwanangu, wewe si una kompyuta uliyoiunga mwenyewe? Nitolee mama yangu humo."

Kweli nimeiunga mwenyewe, tena kwa vifaa vya mitumba, ila haikuwa na draivu ya diski. Nikadandia bodaboda hadi mjini, nikaona moja ya bei poa, nikalipa fasta bila hata kuigeuza nyuma. Kufika nyumbani, kimeo! Nyuma ina pini 40. Ni ile aina ya zamani iitwayo IDE, inayotumia waya mpana kama mkanda. Madabodi yangu inakubali SATA tu, yenye waya mwembamba. Nilikuwa nimejiingiza mjini mwenyewe, wa kulaumiwa hakuna.

Kwa hiyo, mshikaji, kabla hujatoa pesa fungua kompyuta yako. Tazama madabodi ina matundu ya aina gani, na kama pawa saplai ina waya wa umeme unaolingana. Halafu angalia kama boksi lina nafasi ya inchi 5.25 kwa mbele. Maboksi mengi ya kisasa hayana. Kama lako ndiyo hivyo, nunua draivu ya nje ya kuchomeka USB, yakaisha.

Dukani soma lebo. Iliyoandikwa CD-ROM haisomi DVD, hata uipigie magoti. Kombo inasoma DVD lakini inachoma CD tu. DVD-RW inasoma na kuchoma zote. Kama ni ya mitumba, ijaribu kwa CD na kwa DVD pia, kwa sababu kila moja inasomwa kwa mwanga wake wa leza. Mmoja unaweza kufa, mwingine ukabaki mzima, ukauziwa mbovu huku unaichekea.

Kufunga ni kazi ndogo. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, gusa chuma cha boksi ili umeme wa mwilini usiunguze kitu. Toa kifuniko cha mbele, sukuma draivu kutokea mbele, kaza skrubu ndogo pande zote mbili. Chomeka waya wa data, kisha wa umeme. Ikigoma kuingia, igeuze, usiilazimishe.

Ya pili niliyonunua ikakubali. Diski ilikuwa na vumbi la Mpanda la miaka, nikaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha. Windows haichezi DVD yenyewe tangu toleo la 8 la mwaka 2012, hivyo nikaweka programu ya bure ya VLC. Bibi huyo, na kilemba chake! Shangazi akanyamaza kimya.

Nikaanza kunakili. Imebaki kama robo, pap! Umeme ukakatika, diski ikabaki tumboni. Shangazi akaniangalia jicho ambalo sitalisahau. "Umemeza mama yangu?"

Tulia, shangazi. Mbele ya draivu kuna kijitundu kidogo. Nikanyoosha kibanio cha karatasi, nikakisukuma taratibu, trei ikachomoza. Diski haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Umeme uliporudi usiku, nikaanza upya mpaka mwisho. DVD ya kawaida haizidi GB 4.7, inaingia kwenye flashi ya GB 8 na nafasi inabaki. Nikatengeneza nakala tatu, kila moja ikakaa nyumba yake.

Sasa nenda kabatini kwenu. Hizo DVD za harusi na ubarikio zilichomwa juu ya rangi inayochuja kwa joto na mwanga, na siku ikichuja hakuna fundi wa kuirudisha. Draivu utapata nyingine hata kesho. Bibi wa pili utampata wapi?

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.