Chura wa Kihansi si Mzaha

Wapo wanaobeza kila inapotajwa kazi ya kumwokoa chura wa Kihansi. Huuliza: taifa liwashe taa au lifuge vyura? Swali hilo ni la hadaa.

Mtambo wa Kihansi, mpakani mwa Iringa na Morogoro, ulijengwa uzalishe megawati 180, na hakuna mzalendo anayetaka uzimwe. Lakini maji yalipoelekezwa mitamboni mwaka 2000, manyunyu ya maporomoko yaliyomlea chura huyo yalikauka. Mwaka huo huo vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba ametoweka porini. Kurejeshwa kwao bondeni kulianza mwaka 2012, baada ya mabomba ya kunyunyizia maji kutandazwa.

Je, ni heshima kwa taifa huru urithi wake kulelewa ugenini kama yatima?

Jamaa zake, wanaozaa watoto hai kama yeye, wangali katika misitu ya Udzungwa na Rungwe. Misitu hiyo ndiyo huhifadhi maji ya mito. Anayeifyeka hamwangamizi chura peke yake. Anauzima na umeme anaodai kuutetea.