Kufuli la programu za muziki: linamfungia nani huku Karagwe na Kyerwa?

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongee jambo linalowagusa vijana wengi huku kwetu: hizi programu tunazotengenezea midundo.

Studio nilizoingia, kuanzia hapa Kayanga na Omurushaka hadi Nkwenda kule Kyerwa, zinafanana. Chumba kimoja, trei za mayai ukutani, maiki moja, kompyuta ya mtumba yenye Windows, na ndani yake FL Studio. Muulize prodyuza kaipata wapi, atacheka tu. Imekuja kwenye flashi, imeshakrakiwa.

Simsemi mtu. Mimi mwenyewe nilipomaliza fomu foo nilianza hivyohivyo, na programu nyingine ya kukraki. Siku moja nawasha mashine, haifunguki, virusi wamejaa, nyimbo sita za mshkaji hazipo. Alikuwa ameshanilipa, na hela yenyewe ilitoka kwenye kahawa ya mzee wake. Mpaka leo tukikutana sokoni anapita upande mwingine.

Sasa tuchambue. Wenye programu wanaweka makufuli ili wasiibiwe, sawa. Steinberg wa Ujerumani, wenye Cubase, kwa miaka mingi walitaka uchomeke kifunguo cha USB ndipo programu ifunguke. Mwaka 2022, kwenye Cubase 12, wakaachana nacho, leseni ikahamia kwenye akaunti ya intaneti. Image-Line wa Ubelgiji, wenye FL Studio, wanatoa ya majaribio bure: unatengeneza, unahifadhi, ila ukishaifunga huwezi kuifungua tena kazi hiyo mpaka ulipie. Hebu fikiria hilo mahali ambapo umeme unakatika bila kubisha hodi!

Matokeo yake ni nini? Mwenye flashi ya kukraki anaendelea na kazi kama kawaida. Anayehangaika ni yule aliyetaka kwenda kihalali, lakini hana bando la kutosha wala hela ya kulipa kwa mkupuo. Bei inaandikwa kwa hela za kigeni.

Halafu kuna kufuli la pili ambalo wengi hatulioni: programu kukubali au kukataa kompyuta yako. Logic ilikuwa inafanya kazi kwenye Windows. Mwaka 2002 Apple wakainunua kampuni yake, Emagic, na watu wa Windows wakaachwa hapohapo, pamoja na waliokuwa wamelipia. Novemba 2017 Gibson wakasitisha Sonar. Bahati nzuri BandLab wakaichukua mwaka 2018. Na juzijuzi, tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft wakamaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inazikataa kompyuta nyingi za zamani, yaani hizihizi za mtumba tunazozitumia. Kwa hiyo hata ukilipia, bado unaweza kujikuta nje ya mlango.

Lakini jamani, na sisi tujitazame. Tunalia kwamba nyimbo zetu zinajazwa kwenye memori kadi pale stendi na hatupati hata senti. Ni kweli, na inauma. Ila Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inayolinda wimbo wako ndiyo hiyohiyo inayolinda programu za kompyuta. Utaendaje COSOTA kulalamika umeibiwa wimbo, wakati mdundo wenyewe umeupika kwenye sufuria ya wizi?

Ushauri wangu ni huu. Usiulize programu gani ina jina kubwa. Uliza: itafunguka bila intaneti? Inakubali mashine yangu? Kazi ya leo nitaifungua baada ya miaka mitano? Reaper unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, leseni ya mtu wa kawaida ni dola 60, na inakubali Windows, Mac na Linux. LMMS ni ya bure kabisa, aliyezoea FL hatapotea sana. Sauti unaweza kurekodi kwa Audacity, nayo bure. Na chochote utakachotumia, wimbo ukiisha toa kila chombo na kila sauti peke yake kama faili la WAV, weka kwenye flashi mbili. WAV haina kufuli la mtu. Ningelijua hilo mapema, nyimbo sita za mshkaji wangu zingekuwepo mpaka leo.

Wenye makampuni wana lawama yao, tena kubwa. Lakini anayepoteza nyimbo ni sisi, hivyo tusisubiri watuonee huruma.

Maprodyuza wa Nkwenda, Murongo, Omurushaka, mpo? Nyie mnatumia nini, na yamewakuta yapi? Mwageni hapo chini.

Naomba kuwasilisha.